Nani ameua? Sababu gani hadithi za upelelezi zinashika watu

Mara kwa mara, katika miji ya mashariki ya Kongo, watu wanafungua redio asubuhi na kusikia habari ya namna moja: mtu ameuawa usiku kwenye kartie fulani, na watu wenye silaha wasiojulikana. Jina la marehemu linasomwa, umri wake, kazi yake, hesabu ya watoto aliowaacha. Kisha mkubwa fulani anasema kama uchunguzi umeanza. Kesho yake kunakuja habari ingine, na mara mingi hakuna mtu anasikia tena ule uchunguzi ulifika wapi.

Ndani ya hadithi ya upelelezi mambo yanakwenda kinyume. Mule pia kunakuwa maiti, tena kwenye kurasa za kwanza. Lakini lile neno "wasiojulikana" ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake. Hakuna kufunga kitabu mbele ya kujua nani ameua, ameua namna gani, na juu ya nini. Ni pale njo kuna nguvu ya hizi hadithi: zinaahidi kama kifo cha mtu kitapata jibu. Na ile ahadi, msomaji wa Bukavu, Bunia ao Kalemie anaisikia tofauti na msomaji wa London.

Ilianza namna gani

Hadithi za wezi na za wauaji ni za zamani sana. Biblia yenyewe, mwanzoni kabisa, iko na Kaini na Abeli. Lakini pale msomaji anajua palepale nani aliua. Kitu kipya kilikuja mwaka 1841, wakati mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe alitoa hadithi fupi "The Murders in the Rue Morgue". Wanawake wawili, mama na binti yake, wameuawa huko Paris ndani ya chumba kilichofungwa. Mashahidi walisikia sauti, lakini kila mmoja anasema ilikuwa ya luga asiyoijua. Polisi wanachanganyikiwa. Bwana mmoja anayeitwa Dupin, asiye askari, anasoma magazeti, anaenda kuangalia dirisha, na kwa kufikiri anapata jibu.

Haikuwa bahati tu kama ilitokea wakati ule. Miji kama Paris na London ilikuwa inakua mbio. Kijijini, mgeni akipita kila mtu anamuona. Katika mji mkubwa, mtu anaweza kuishi miaka karibu na jirani bila kujua anafanya kazi gani. Magazeti yalikuwa yanauza habari za mauaji, na polisi ya London iliweka kikundi chake cha kwanza cha wapelelezi mwaka 1842, mwaka mmoja tu kisha hadithi ya Poe. Watu walikuwa na woga mpya, ule wa kuishi kati ya watu wasiowajua, na hadithi mpya ilikuja kuujibu.

Mwaka 1887 daktari mmoja aliyezaliwa Edinburgh, Arthur Conan Doyle, akaleta Sherlock Holmes. Alimchukulia mfano kwa mwalimu wake wa udaktari, Joseph Bell, aliyekuwa anaangalia viatu vya mgonjwa, mikono yake na namna anatembea, kisha anamuambia kazi yake mbele mgonjwa afungue kinywa. Watu walimpenda Holmes mpaka mwandishi mwenyewe akachoka naye. Mwaka 1893 alimuua kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji walikasirika sana, na kisha miaka 10, mwaka 1903, Doyle akamrudisha: kumbe Holmes hakukufa.

Kanuni za mchezo

Sababu moja ya kupendwa kwa hizi hadithi ni kama ziko na kanuni, sawa vile mpira. Msomaji anashindana na mpelelezi, na mwandishi ni lazima acheze wazi. Mwaka 1929 padri mmoja Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, aliyekuwa pia anaandika hadithi za upelelezi, alitoa kanuni 10. Muuaji ni lazima aonekane mapema katika hadithi. Sumu isiyojulikana na sayansi haikubaliwi. Mpelelezi hawezi kupata jibu kwa bahati, wala kuwa yeye mwenyewe muuaji. Kila alama anayoiona, msomaji naye aonyeshwe palepale. Na rafiki ya mpelelezi awe na akili kidogo tu chini ya ile ya msomaji wa kawaida. Ile inachekesha, lakini iko na maana: Daktari Watson, rafiki ya Holmes, anauliza yale maulizo ambayo msomaji angeona haya kuuliza.

Waandishi wakubwa walicheza na hizi kanuni mpaka karibu kuzivunja. Agatha Christie, ambaye alijifunza mambo ya sumu akifanya kazi kwenye famasi ya hospitali wakati wa vita ya kwanza ya dunia, alitoa mwaka 1926 kitabu "The Murder of Roger Ackroyd". Mwisho wake uligawanya wasomaji: wamoja walisema kama amewadanganya, wengine kama amewashinda kwa haki. Mpelelezi wake, Hercule Poirot, ni Mbelgiji aliyekimbilia Uingereza wakati wa ile vita, kusema kama mmoja wa wapelelezi wenye sifa kuliko wote ni mkimbizi.

Sasa, namna gani mwandishi anaficha alama mbele ya macho ya msomaji? Tuchukue mfano. Mzee mmoja mwenye depo ya unga anakutwa asubuhi amekufa ndani ya depo yake. Watu watatu wako na sababu ya kumchukia: mpwa wake, aliyenyimwa franga za kuanza biashara, mwenzake wa biashara, mwenye deni ya dola nyingi, na mlinzi aliyefukuzwa wiki moja mbele. Mpwa anasema: "Saa mbili ya usiku nilipita pale, nikasikia redio ya mjomba inasoma habari. Basi alikuwa mzima."

Mpelelezi anaingia ndani ya depo. Anaona magunia, mizani, daftari ya madeni, kikombe cha chai, na redio ambayo waya yake imechomekwa ukutani. Anaiinua: ni nyepesi, ndani hakuna mawe. Kurasa 20 kisha, mama wa jirani analalamika juu samaki yake yote imeharibika: umeme ulikatika toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka asubuhi.

Hakuna mahali mwandishi amesema kama mpwa amedanganya. Ameweka vipande vitatu mbalimbali: kimoja kati ya vitu vingi ndani ya depo, kingine kwenye kinywa cha mama mwenye hasira ya samaki, cha tatu katika maneno ya mpwa mwenyewe. Msomaji ameviona vyote. Kazi ya kuviunganisha ni yake.

Na bado haijaisha. Katika hadithi nzuri, mwongo hakosi sababu yake ingine. Pengine ile usiku mpwa alikuwa kwa mwanamke ambaye hapaswi kuonekana naye, na aliogopa kusema. Amedanganya, lakini hakuua. Watu wote wanaficha kitu, na mpelelezi ni lazima atenganishe uongo wa haya na uongo wa damu.

Mzimu hauruhusiwi

Kati ya kanuni za Knox kuna moja ambayo katika Afrika iko na uzito wake peke. Ni ya pili, inayokataa mizimu na uchawi kuwa jibu. Kifo ni lazima kiwe na mkono wa mtu.

Katika Kiswahili, mtu aliyefungua hii njia ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika mambo ya afya ya watu, kisha akaingia katika kazi ya magazeti. Hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale" ilishinda mashindano ya waandishi ya 1957-58, na ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Kichwa chenyewe ni mtego. Tajiri mmoja anakutwa amekufa pale kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanaheshimu na kuogopa. Watu wangeweza kuishia pale: mzimu umekasirika, basi. Lakini anakuja Bwana Msa, mtu wa kiko mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, na anaanza kuuliza maulizo ya binadamu: nani alikuwa wapi, nani alikuwa anajua nini, nani alikuwa anaficha nini.

Vitabu vingine vilifuata: "Kisima cha Giningi", "Duniani Kuna Watu", "Siri ya Sifuri". Watu wanasema Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Unguja, na kweli kiko chake na rafiki yake vinafanana na vya Holmes. Lakini Abdulla hakunakili tu. Siri za vitabu vyake ni siri za jamaa za pwani: ndoa, urizi, nani ni mtoto wa nani. Na kila mara anamwacha msomaji aogope giza kwanza, kisha anawasha taa.

Hapa Kongo ile kanuni ya pili si mchezo wa vitabu tu. Katika vijiji vingi, na hata mijini, kijana akikufa gafula, ulizo la kwanza linakuwa: nani amemloga? Wamama wazee, mara mingi wajane wasio na mtu wa kuwatetea, wameshtakiwa uchawi, wamepigwa, wengine wamechomwa moto. Watoto wamefukuzwa nyumbani kwa jina la wachawi na wanalala barabarani.

Ukiangalia vizuri, mfumu na mpelelezi wanajibu ulizo moja: nani ameua? Watu wanaenda kwa mfumu juu wanataka lile jibu lenye mpelelezi anaahidi, na wanalitaka leo. Tofauti iko kwenye njia. Mfumu anatoa jina, na kazi yake imekwisha. Mpelelezi, hata akijua jina mapema, ni lazima aonyeshe namna amelifikia: huu ni waya wa redio, huyu ni mama wa samaki, haya ni maneno yako mwenyewe. Na yule anayeshtakiwa ako na nafasi ya kujibu mbele ya wote. Ndiyo maana karibu kila hadithi ya namna hii inaisha na watu wote wamekusanyika ndani ya chumba kimoja, wakisikiliza sababu moja kisha ingine. Jina peke yake halitoshi.

Yule wa kwanza kushukiwa

Kila msomaji wa hizi hadithi anajua jambo moja: yule anayeshukiwa kwanza, karibu kila mara, siye. Katika kitabu ni ujanja wa mwandishi. Katika maisha ya watu, imekuwa jambo la kufa na kupona.

Doyle mwenyewe aliliona. Mwaka 1903, katika kijiji cha Great Wyrley huko Uingereza, kijana mmoja mwanasheria, George Edalji, alihukumiwa miaka 7 ya kifungo. Baba yake alikuwa Mhindi, pasta wa ile parokia. Walimshtaki kama alikata tumbo la farasi usiku shambani. Kisha miaka 3 walimfungua, lakini jina lake halikusafishwa na hakuweza kufanya kazi yake. Doyle alipopanga kukutana naye katika oteli moja, alimkuta anasoma gazeti akilishika karibu kabisa na macho. Doyle alikuwa amesomea magonjwa ya macho. Palepale akajiuliza: mtu asiyeona mbali namna hii, angevuka mashamba usiku namna gani, atafute farasi, amkate, na arudi bila kuonekana? Aliandika magazetini mwaka 1907, na aliona kama rangi ya ile familia ilikuwa na sehemu katika hukumu. Serkali ikamsamehe Edalji bila kumlipa kitu, lakini ile kesi ilisaidia Uingereza kuunda, ule mwaka wa 1907, tribinali ya rufaa kwa watu waliohukumiwa kwa jinai.

Katika miji ya Kongo, mtu anaweza kushukiwa saa moja ya usiku na kuwa majivu mbele ya saa mbili. Mmoja analia "mwizi!", watu wanatoka manyumba, mwingine analeta tairi, mwingine petroli. Watu wanaiita "justice populaire". Wanaoifanya wanasema wamechoka: anayekamatwa leo anaonekana kesho mtaani, anacheka. Ule uchovu ni wa kweli, na hakuna haja ya kuudharau. Lakini turudilie ule mfano wa depo ya unga. Siku ile watu wa kartie wangejua kama mpwa amedanganya juu ya redio, wangemfanya nini? Angekufa kwenye ukurasa wa 30. Na muuaji wa kweli angekuwa pale kati yao, pengine yeye njo anashika tairi, juu hakuna mtu anapata faida kuliko yeye. Kifo cha mpwa kinafunga kesi, na ulizo halitaulizwa tena.

Mtu aliyesoma hadithi 10 za upelelezi amepita pale mara 10. Amekuwa na hakika na jina fulani mara 10, na mara 10 amekosa. Ni somo ambalo kitabu kinatoa bila kuhubiri, na bila mtu kulipa na damu yake.

Mpelelezi katika mji mchafu

Hadithi za Poirot ziko na raha moja: polisi ni wapole, sheria inafanya kazi, na kisha muuaji kupatikana mambo yanarudia kuwa sawa. Katika miaka ya 1920, Marekani ilileta namna ingine. Dashiell Hammett alikuwa amefanya kazi ya kweli ya upelelezi katika shirika la Pinkerton mbele ya kuandika. Mule ndani ya vitabu vyake polisi wamenunuliwa, matajiri wanaagiza mauaji, na mpelelezi mwenyewe hana mikono safi. Nani ameua inakuwa ulizo dogo. Kubwa ni: nani analipa?

Mwaka 1945, nyumba ya vitabu Gallimard huko Paris ilianzisha mfululizo wa vitabu vya namna hii, "Série Noire". Ilichukua mpaka mwaka 1996 ili Mwafrika wa kwanza aingie mule, na alikuwa Mkongomani: Achille Ngoye, na kitabu "Agence Black Bafoussa". Kingine, "Sorcellerie à bout portant" cha mwaka 1998, kinamleta msomaji Kinshasa, kwa mtu anayerudi kutoka Ufaransa juu ya kifo cha ndugu yake.

Mbelgiji Georges Simenon, mzaliwa wa Liège, alichagua njia ya katikati. Mpelelezi wake Maigret, aliyetoka mwaka 1931, hapigi hesabu sana kama Holmes. Anakaa, anakunywa bia, anasikiliza, anajaribu kuelewa maisha ya marehemu mpaka anaelewa nani angeweza kumuua. Mwaka 1932 Simenon alitembea Afrika mpaka Kongo ya Wabelgiji, na aliporudi aliandika katika gazeti maneno makali juu ya ukoloni.

Katika Kiswahili, Mtanzania Elvis Musiba alimuumba Willy Gamba, mpelelezi wa siri anayepigana na watu wa serkali ya ubaguzi wa Afrika ya Kusini. Kitabu "Kikosi cha Kisasi" kinampeleka mpaka Kinshasa, wakati ule wa Zaire. Ben Mtobwa, mzaliwa wa upande wa Kigoma, ngambo ingine ya ziwa Tanganyika, alimleta Joram Kiango. Hivi si vitabu vya kukaa na kupiga hesabu tu: kuna bastola, mbio na wanawake wazuri. Lakini ulizo linabaki lilelile, na adui mara mingi ni mkubwa kuliko mtu mmoja.

Kesi ya Kongo

Kuna kesi moja ambayo inagusa Kongo yenyewe, na si ya kutunga. Mwisho wa miaka ya 1890, kijana mmoja anayeitwa Edmund Morel alikuwa karani katika kampuni ya meli ya Liverpool, iliyobeba mizigo kati ya Antwerp na Kongo ya mfalme Leopold wa Pili. Kazi yake ilikuwa makaratasi. Katika yale makaratasi aliona kitu. Meli zilifika Antwerp zimejaa kauchu na pembe za tembo. Zilirudi Kongo na bunduki, risasi na wanajeshi, na karibu hakuna bidhaa za kuuza. Morel akajiuliza ulizo la mpelelezi: kama hakuna kitu kinaenda kuwalipa watu wanaokata kauchu, sababu gani wanaikata? Jibu lilikuwa moja tu. Wanalazimishwa kwa bunduki. Alikuwa bado hajakanyaga Kongo.

Kisha alama zilizidi. Mwaka 1903 konsuli wa Uingereza aliyekaa Boma, Roger Casement, alipanda mto, akaenda kijiji kwa kijiji, akaandika maneno ya mashahidi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Mwaka ule pia, mama mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya papa mmoja, Nsala, ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake mdogo: ni vyote alivyopata kisha walinzi wa kampuni ya kauchu kumuua mtoto. Leopold mwenyewe alilazimika kutuma tume ya uchunguzi, na ile tume, katika ripoti yake ya 1905, ilikubali kama mambo mengi yaliyosemwa ni ya kweli. Mwaka 1908 Kongo ikatoka mikononi mwa mfalme na kuingia mikononi mwa Ubelgiji.

Na mwaka 1909, Arthur Conan Doyle, baba ya Sherlock Holmes, aliacha hadithi na kuandika kitabu "The Crime of the Congo". Hakuwa na kitu cha kutunga. Alipanga mashahidi, tarehe na makaratasi moja kisha ingine, ili msomaji aone njia mpaka kwa mwenye kosa. Jina lilijulikana na dunia yote. Lakini Leopold alikufa mwezi wa 12 wa ule mwaka, kitandani mwake, bila kusimama mbele ya mwamuzi. Katika kitabu cha Holmes ile isingekubaliwa kuwa mwisho.

Mambo ambayo vitabu havisemi

Hizi hadithi ziko na uongo wao. Ndani ya kitabu, mpelelezi anafanya kesi moja tu, na hakosi mafuta ya kupanda pikipiki. Katika maisha, inspekta anaweza kukosa karatasi ya kuandikia, mwili unazikwa mbele daktari auangalie, na watu 50 wamekwisha kukanyaga mahali pa mauaji mbele ya askari kufika. Ndani ya kitabu, shahidi anasita, kisha kwenye ukurasa wa 200 anasema yote. Katika maisha, shahidi kisha kusema ni lazima arudi kulala nyumbani kwake, kwenye kartie ileile, na hakuna mtu anayemlinda. Msomaji asidharau mtu aliyenyamaza.

Hata hivyo kuna vitu vidogo ambavyo vinatoka ndani ya kitabu na kufanya kazi inje. Kuacha mahali pa mauaji bila kugusa kitu mpaka wenye kazi wafike. Kuandika saa na tarehe ile siku, si kisha mwezi. Kutenganisha "nimeona" na "nimesikia watu wanasema". Kuuliza nani anapata faida. Kukataa jina ambalo halina njia ya kulifikia, hata kama linatoka kwa mtu wa kuheshimiwa. Na zaidi ya yote, kuuliza tena: kisha wiki moja, kisha mwezi, kisha mwaka, kwa mkubwa yule aliyesema kama uchunguzi umeanza.

Wapelelezi wa vitabu wanafanana katika jambo moja. Dupin, Holmes, Bwana Msa, Maigret, kila mmoja na tabia yake, hakuna hata mmoja anakubali kama mtu ameuawa na watu wasiojulikana. Muuaji anajijua. Mara mingi kuna mwingine anayemjua. Na kuna aliyeona kitu kidogo, sawa vile yule mama wa samaki, na hajui kama kiko na maana, juu hakuna mtu alikuja kumuuliza.